Barua ya wazi: Shingo yangu ilizungushwa, na hakuna aliyeniuliza kitu

Kwa wakuu wenye dhamana ya kusajili na kukagua vituo vya tiba,
Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

YAH: TIBA YA KUZUNGUSHA SHINGO KWA WAGONJWA WA KICHWA SUGU

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mbagala. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi Machi mwaka jana, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilikuwa Juni. Masijala wakaniambia jalada liko kwa bosi. Ya tatu niliileta Septemba, nikaelekezwa ofisi nyingine, na ofisi hiyo ikanirudisha kwenu siku hiyohiyo. Nakala zote tatu ninazo. Jina la kituo ninachokilalamikia silitaji hapa kwa sababu mnalo kwenye jalada, na kwa sababu ninachokisema kinavihusu vituo vingi, si kimoja.

Kichwa kimenisumbua kwa miaka 11. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinagonga, mwanga siutaki, hata harufu ya mafuta ya cherehani inanitapisha. Nyumbani tunakiita kipandauso. Mwaka juzi kilizidi, kikawa kinanishika zaidi ya nusu ya mwezi, na mimi nikawa nameza dawa za maumivu kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenieleza habari za kituo ambako wanarekebisha uti wa mgongo kwa mikono, tiba inayoitwa kairopraktiki. Nikaenda.

Nilipigwa eksirei. Picha ikawekwa kwenye kioo chenye taa, kijana mwenye koti jeupe akanionyesha kwa ncha ya kalamu kwamba pingili zangu mbili za juu zimehama, zinabana mishipa ya fahamu, na hicho ndicho chanzo cha kichwa. Nikauziwa kifurushi cha vikao 24 kwa shilingi 960,000. Nikilipa zote kwa mkupuo nitapunguziwa laki moja. Nilikopa kwenye kikoba nikalipa.

Kikao cha nane ndicho kilichoniletea haya. Nililala chali, kichwa changu mikononi mwa yule kijana. Aliniambia nilegee. Akakigeuza taratibu kushoto hadi mwisho, halafu akakisukuma kwa ghafla. Mlio nilishauzoea. Safari hii baada ya mlio dari likaanza kuzunguka, na feni iliyokuwa juu yangu nikaiona mbili. Nikatapika hapohapo. Nikaambiwa hiyo ni dalili nzuri, mwili unajirekebisha, nipumzike. Nilipumzika kwenye benchi la mapokezi kwa saa mbili, nikiwa na kwikwi isiyokatika, sauti imekauka, mate siwezi kuyameza. Shemeji yangu ndiye aliyekuja kunichukua kwa bajaji.

Kwa sababu niliweza kusimama, usiku ule nililala nyumbani. Kesho yake asubuhi nilitaka kumalizia sare za shule za mteja. Nilishika pasi kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikiwa nimekunjua kitambaa. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nilidhani ni kitambaa. Ilikuwa ni mkono wangu wa kulia. Pasi ilikuwa imeukalia na sikuhisi moto wowote.

Hospitali walinipima kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Mshipa wa damu wa shingoni, upande wa kushoto, ulikuwa umepasuka ukuta wake wa ndani, na damu iliyoganda ilikuwa imezuia sehemu ndogo ya ubongo wa nyuma. Kiharusi. Nilikuwa na umri wa miaka 41. Leo natembea, nameza, nashona. Mkono wa kulia hadi sasa hautofautishi maji ya moto na ya baridi, kwa hiyo mwanangu ndiye anayepiga pasi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hakuna aliyeniuliza kitu kabla ya kunishika shingo.

Sikupimwa shinikizo la damu. Sikuulizwa nameza dawa gani wala mara ngapi. Sikuulizwa kichwa kilianza lini, kimebadilika vipi, kama nimewahi kuanguka au kupata ajali, kama kuna maumivu mapya shingoni. Na maumivu mapya yalikuwepo: siku nne kabla ya kikao kile shingo ilikuwa inaniuma upande wa kushoto kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Nilimwambia dada wa mapokezi. Akaandika kwenye kadi: "ameongezeka ukakamavu". Kadi hiyo ninayo.

Daktari wa hospitali aliniuliza habari za dawa ndani ya dakika tano za kwanza. Ndipo nilipojua kwamba kichwa kinachouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kinahesabiwa kuwa sugu, na kwamba mtu anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kuwa anakichochea mwenyewe. Kwa dawa za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge, hata siku 10 zinatosha. Nilikuwa na kipandauso, na juu yake nilikuwa na kichwa cha dawa. Hakuna pingili ambayo ingezungushwa ikaondoa vidonge nilivyokuwa nameza kila asubuhi. Niliachishwa vidonge vile, nikaanzishiwa amitriptilini kidogo usiku, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Sijapona kabisa, ila siku za kichwa zimepungua hadi nne au tano kwa mwezi. Naandika hili kwa uchungu: swali moja tu la siku ya kwanza lingeniepusha na yote.

2. Hakuna aliyeniambia hatari.

Shingo ina pingili saba. Mishipa miwili ya damu inayolisha ubongo wa nyuma hupanda kupitia matundu ya pingili hizo, na inapofika juu kabisa hujikunja kabla ya kuingia kwenye fuvu. Huko juu, kati ya pingili ya kwanza na ya pili, ndiko karibu nusu ya mgeuko wote wa kichwa unakofanyika. Daktari aliponieleza namna mshipa unavyopasuka, nilimwelewa kwa kazi yangu. Ni kama koti ambalo bitana yake imefumuka. Kwa nje huoni kasoro, lakini ukipitisha mkono unanasa kati ya bitana na kitambaa. Damu nayo hunasa hivyo, ikaganda, na kipande kikikatika kinakwenda na mkondo hadi kwenye ubongo.

Jambo hili si siri kwa watu wa fani. Mwaka 2014 American Heart Association, taasisi ya Marekani ya afya ya moyo, ilitoa tamko juu ya mpasuko wa mishipa ya shingo na tiba hii ya mikono. Haikusema kwamba imethibitika kuwa kuzungusha shingo ndiko kunakopasua mshipa. Ilisema kuna uhusiano wa kitakwimu kati ya hayo mawili, na kwamba mgonjwa anapaswa kuelezwa uhusiano huo kabla shingo yake haijaguswa. Mwaka 2016 mwanamitindo Katie May, aliyekuwa na umri wa miaka 34, alifariki kwa kiharusi huko Los Angeles. Mchunguzi wa vifo wa huko alihitimisha kwamba mshipa wake ulipasuka kutokana na kuzungushwa shingo kwenye tiba hiyo. Mimi nilisainishwa karatasi ya malipo tu. Karatasi ya hatari sikuiona.

3. Niliahidiwa kuliko kinachojulikana.

Ile hadithi ya pingili kuhama na kubana ni ya zamani sana. Ilianza mwaka 1895 mjini Davenport, Marekani, kwa bwana mmoja aitwaye Daniel David Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu watu kwa sumaku za mwili. Alidai amemrudishia usikivu mfanya usafi wa jengo lake kwa kumsukuma pingili ya mgongo, na baadaye akaandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama. Wengi wa fani hiyo leo hawashikilii tena maneno hayo. Mimi niliyasikia Dar es Salaam, mbele ya kioo chenye taa, yakitumika kuniuzia vikao 24. Daktari aliniambia wazi kwamba eksirei haionyeshi kipandauso.

Nimejitahidi kusoma, kwa msaada wa binti ya dada yangu anayesomea uuguzi. Norwei walifanya jaribio kwa watu 104 wenye kipandauso, majibu yakatoka mwaka 2017. Kundi moja lilifanyiwa tiba halisi ya uti wa mgongo, kundi la pili likafanyiwa ya kuigiza, sukuma ya kando ya bega isiyo na lengo, na la tatu likaendelea na dawa zake. Siku za kichwa zilipungua kwa wote. Tiba halisi haikuishinda ile ya kuigiza, na watafiti, akiwemo aliyeongoza ambaye mwenyewe ni tabibu wa kairopraktiki, wakaandika kwamba nafuu ile huenda ni ya imani ya mgonjwa. Mwaka 1998 Denmaki walijaribu kwa watu 75 wenye kichwa cha mkazo, kile kinachobana kama kamba; nako kuzungusha shingo hakukuongeza nafuu.

Kwa haki, lipo jaribio lililosema tofauti. Kuna kichwa ambacho chanzo chake ni shingo yenyewe, na mwaka 2018 Marekani walitoa majibu ya watu 256 wa aina hiyo. Waliopata vikao 18 walishuka kutoka siku kama 16 za kichwa kwa wiki nne hadi kama 8, na waliofanyiwa ukandaji mwepesi nao walipata nafuu, ingawa ndogo zaidi. Kwa hiyo sisemi tiba hii haimsaidii mtu yeyote. Nasema kituo kinachotaka kuitumia lazima kwanza kijue mgonjwa ana kichwa cha aina gani. Mimi sikuwa na kichwa cha shingo. Hakuna aliyetafuta kujua.

4. Kizunguzungu changu kiliitwa uponyaji.

Hili ndilo linaloniamsha usiku. Kizunguzungu, kuona vitu viwili, kutapika, kwikwi, kushindwa kumeza, upande mmoja wa uso kufa ganzi: mtu yeyote anayeshika shingo za watu kwa malipo anapaswa kuvijua hivi kama mimi ninavyojua sindano imekatika. Niliwekwa kwenye benchi saa mbili. Nilipewa maji, na maji yakanipalia.

5. Sijui nani anawajua watu hawa.

Nimeuliza mara tatu kama yule kijana amesajiliwa, wapi, na amesomea nini. Sijajibiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2005 unaosema mtu anayeanza fani hii bila msingi wa tiba asome saa zisizopungua 4,200, ikiwemo kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi, na mwongozo huohuo umeorodhesha hali ambazo shingo haipaswi kuzungushwa kabisa. Uingereza wana sheria ya mwaka 1994, na mtu asiyesajiliwa akijiita tabibu wa kairopraktiki anatenda kosa. Afrika Kusini wanasomesha fani hii vyuo vikuu, Durban na Johannesburg, na wahitimu wanasajiliwa na baraza. Huku kwetu nimekutana na vibao barabarani vyenye picha ya uti wa mgongo na namba ya simu. Na tukiwa tunasema ukweli, hata kinyozi akimaliza kunyoa anakushika kidevu na kukuvunja shingo pande mbili bila kukuuliza, na vijana wetu wanaona ni sehemu ya huduma. Hilo nalo ni la kwenu.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu mengine nilishaambiwa usoni.

Mtasema ni tukio la nadra. Kweli, ni la nadra. Mipasuko ya mishipa ya damu ya shingoni, kwa sababu zote zikijumlishwa, huwapata watu kama watatu tu katika kila laki moja kwa mwaka. Lakini mtu hupima hatari kwa kuangalia na faida. Dawa yenye madhara ya nadra inayookoa uhai, nitaimeza. Jambo lenye madhara ya nadra ambalo kwa ugonjwa wangu halikuishinda sukuma ya kuigiza, nilikuwa na haki ya kulikataa, na hakuna aliyenipa nafasi hiyo.

Mwenye kituo aliniambia kwamba mshipa ulikuwa umeshapasuka kabla sijapanda kitandani kwake, na maumivu ya mpasuko ndiyo yaliyonipeleka. Alinitajia utafiti wa Ontario, Kanada, wa mwaka 2008, uliokuta kwamba waliopata kiharusi cha aina hii walikuwa wamekwenda kwa daktari wa kawaida karibu kwa kiwango kilekile walichokwenda kwa tabibu wa uti wa mgongo. Nimeutafuta, upo, na umesema hivyo. Huenda hata ni kweli kwangu. Zile siku nne za maumivu mapya siwezi kuzifuta. Lakini angalieni anachokisema. Anasema nilifika kwake nikiwa na mshipa uliokwisha kupasuka, nikasema shingo inaniuma upya, na kijana wake akaigeuza hadi mwisho na kuisukuma. Hayo maelezo hayamtoi. Yanamfunga zaidi.

Mtasema dawa za hospitali nazo zinaua, kwamba dawa za maumivu zinatoboa matumbo. Sawa kabisa, na mimi ni shahidi wa madhara ya vidonge. Ndiyo maana kila pakiti ina karatasi ndani. Naomba na shingo iwe na karatasi yake.

Na nimeambiwa nimeshawishiwa na madaktari wenye wivu wa biashara. Hakuna daktari aliyenituma. Kituo kilitaka kunirudishia fedha za vikao 16 vilivyobaki iwapo ningesaini kwamba sitalizungumza jambo hili mahali popote. Laki tano na zaidi, kwa mtu mwenye deni la kikoba. Sikusaini.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni mambo yanayowezekana, na mengi hayahitaji bajeti.

Kwanza, asizungushwe mtu shingo bila kupimwa shinikizo la damu na kuulizwa maswali yaliyoandikwa: kichwa kimeanza lini, dawa gani na siku ngapi kwa mwezi, kuna maumivu mapya ya shingo, kizunguzungu, ganzi, kuona mawili, homa, ajali. Jibu moja likiwa la hatari, apelekwe hospitali, asipandishwe kitandani.

Pili, karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili chepesi, inayotaja kiharusi kwa jina lake, na inayomwambia mgonjwa kwamba anaweza kukataa shingo isiguswe na bado akahudumiwa mgongo au akakandwa tu.

Tatu, mpige marufuku kuuza vifurushi vya vikao kwa watu ambao bado hawajajulikana wanaumwa nini.

Nne, orodha ya waliosajiliwa ibandikwe wazi, pamoja na walikosomea, ili mtu wa Mbagala aweze kuisoma kabla ya kutoa fedha yake. Vibao visivyo na namba ya usajili vishushwe.

Tano, kituo chochote ambacho mgonjwa atapata dalili za kiharusi kimpeleke hospitali saa hiyohiyo na kiwaandikie ninyi. Nimeuliza kama mna daftari la matukio ya namna hii. Kama halipo, basi nianzieni mimi, niwe ukurasa wa kwanza.

Mwisho, naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu leo, linaloeleza ofisi ipi hasa inawasimamia watu hawa na jalada langu limefikia wapi. Nipo tayari kuja kuhojiwa siku yoyote isipokuwa Ijumaa, siku ninayorudi kliniki. Nitakuja na kadi ya kituo, risiti, picha za MRI, na mkono wenye alama ya pasi.

Naomba kuwasilisha.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam.